Tone Jeusi Ndani ya Joistiki

Wiki iliyopita vijana watatu walikuja barazani kwangu hapa Kambarage, kila mmoja na simu mkononi, wakanitupia shikamoo moja ya kugawana, kisha wakaniuliza: "Babu, kati ya bodi hizi za joistiki, ipi ni ya bei nafuu zaidi?" Walitaka kujitengenezea joistiki ya gemu, ya mbao, kwa mikono yao wenyewe. Jambo jema. Nikawauliza itakuwa na vitufe vingapi, hawajui. Fimbo yake itagusa swichi, au itazungusha kitu kama kile cha sauti ya redio? Hawajui. Mna mita ya kupimia? Wakaangaliana, wakacheka. Nikawafukuza.

Mke wangu amenisema tangu siku ile. Anasema watoto wa watu wamekuja kwa adabu, mimi nimewatimua kama kuku waliovamia mpunga ulioanikwa. Sawa, nilikosea, na ndiyo maana nimekaa kuandika haya, anayetaka kujifunza ajifunze. Lakini msidhani hasira imekwisha. Katika miaka yangu yote ya ufundi wa redio hapa Shinyanga hakuna swali linalonichoma kama hilo la bei linapotangulia mengine yote. Miaka ya tisini bodi ya bei nafuu, niliyoichagua mimi na kuifunga mimi, nusura imuue mama mmoja wa Nyarugusu ambaye hakuwa na kosa lolote.

Nitafika huko. Kwanza kazi.

Joistiki yenyewe ni sanduku tu. Ndani kuna swichi nne za fimbo, za juu, chini, kushoto na kulia, na swichi nyingine za vitufe. Swichi hazijui kitu. Bodi ndiyo inayokusanya habari zao na kuipelekea mashine ya gemu kupitia waya. Siku hizi mnaagiza bodi mpya kwa simu, inakuja imefungwa kwenye karatasi safi. Sisi tulikuwa na pedi, vile vidude vya plastiki vya kushika mikononi vilivyokuja na mashine. Pedi ikifa tuliipasua tukachukua bodi yake. Na hapa nawapa siri bila hata soda: pedi nyingi hufa mpira au hukatika waya, bodi ikiwa nzima kabisa. Bodi nafuu kuliko zote ni ile iliyomo ndani ya pedi ambayo mtu ameshaitupa. Mimi nilikuwa na ndoo nzima ya pedi zilizokufa, mke wangu akiiita makaburi.

Aliyenifundisha kuchagua ni Mzee Hasmukh, mwenye duka la vipuri vya redio karibu na soko. Alizaliwa Shinyanga, baba yake alizaliwa Shinyanga, na Kisukuma chake kiliwashinda wengi wanaojiita Wasukuma. Alikuwa mkali. Ukienda kununua kipuri alikuuliza umepima nini, na kama hukupima hakuuzii, anakirudisha kabatini na kuanza kusoma gazeti. Siku ya kwanza nilipomwomba bodi ya joistiki aliniwekea mbili juu ya kaunta akasema, "Chagua." Nikachukua inayong'aa. Akanichapa rula ya mbao kwenye vidole. Nilikuwa mtu mzima, mwenye mke na watoto wawili.

"Umechagua rangi," akaniambia. "Fundi anachagua kwa mita."

Akanionyesha. Unashika ncha moja ya mita kwenye upande mmoja wa kitufe chochote, na ncha nyingine unaigusisha kwenye vitufe vingine, kimoja kimoja. Mita ikilia pote, bodi hiyo ina waya mmoja wa pamoja, vitufe vyote vinarudi njia moja. Hiyo ni bodi ya kuoa. Utavuta waya mmoja tu kuzunguka swichi zote, kazi safi. Mita isipolia, vitufe vimepangwa kwa kukatizana, na utajaza sanduku nyaya mpaka usijue ipi inatoka wapi. Inawezekana, lakini utalia.

Kisha tazama pale vidole vya mpira vya chini ya vitufe vilipokuwa vinagusa. Pana rangi nyeusi ya kaboni. Risasi ya kuchomelea haishiki juu ya kaboni hata uichome mpaka kesho. Unaikwangua polepole kwa wembe mpaka shaba ing'ae chini yake, na mkono ukizidi shaba nayo inatoka, basi umepoteza bodi. Au unafuata ule mstari mwembamba wa shaba mpaka unapokuta kitundu, unachomelea hapo. Mimi niliharibu bodi kumi na kitu kabla mkono haujatulia, na kila moja Mzee Hasmukh aliiona, maana nilikuwa mjinga wa kwenda kumwonyesha.

Na usidanganywe na plagi. Plagi kuingia kwenye mashine hakumaanishi nyaya zake zinafanana. Kuna jamaa alichomeka tu, mashine ikatoa harufu ya maharage yaliyoungua, na bado akaja kunilaumu mimi niliyemuuzia meza tu ya kuiwekea mashine.

La mwisho ni ubongo wa bodi. Kwenye bodi nyingine ubongo una miguu, unakaa kama mende mweusi, na ukifa unaung'oa unaweka mwingine. Kwenye bodi za bei nafuu hakuna mende. Kuna tone jeusi limekauka juu ya shaba, kama lami iliyodondoka, na ubongo umefunikwa humo. Huwezi kuutengeneza. Lakini tone jeusi si ubaya, nisikilizeni vizuri. Linaweza kufanya kazi miaka. Ubaya ni kwamba bodi za namna hiyo zilipenda kuja na swichi ya mfululizo: ukiisukuma upande mmoja, kitufe chako kimoja kinageuka mvua, unabonyeza mara moja gemu inafyatua risasi bila kupumua. Kwa hiyo Mzee Hasmukh alikuwa na sheria. "Fungua, pima, washa. Ukiruka hata moja, usiseme umejifunza kwangu."

Niliruka moja.

Mama Shija alikuwa mjane wa Nyarugusu, kule kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita, mama mtu mzima, amefika miaka sitini hivi. Mwanawe Shija alikuwa Mwanza. Miaka mingi alikausha samaki kwa moshi, mpaka macho yake yakawa mekundu, na mekundu hayo hayakutoka tena. Mnajua macho mekundu ya mama mzee yalimaanisha nini kwetu siku zile. Ninyi wengine mnajifanya hamjui. Mama zetu wamepikia moshi wa kuni na mavi ya ng'ombe maisha yao yote ili sisi tushibe, kisha sisi tulioshiba ndio tunaosimama na kusema macho yao yanaonyesha uchawi.

Alipoacha samaki, Mama Shija alifungua banda la gemu. Televisheni moja, mashine moja, jenereta nje, mabenchi. Wachimbaji walijaa. Lakini pedi hazikudumu. Fikirini mkono wa mtu anayeshinda na sururu, umejaa sugu, una vumbi la mawe, na hasira ya kufungwa gemu juu yake. Pedi ya plastiki ilikaa wiki mbili. Basi siku moja akapanda lori mpaka Shinyanga, akaulizia, akafika kwangu.

"Fundi, nataka kitu ambacho wakikipiga kitawaumiza wao," akasema.

"Shikamoo mama. Keti kwanza."

"Marahaba. Sikai. Unaweza?"

Nilimpenda papo hapo. Nikamtengenezea joistiki mbili. Masanduku ya mninga. Fimbo ni ekseli ya baiskeli, imezungushiwa mpira wa tairi ili irudi katikati yenyewe. Vigusio vya swichi nilivikata kwenye bamba za shaba za tochi mbovu. Juu nikaweka vichwa vya gia za lori. Zilikuwa nzito kiasi kwamba ungeweza kuua nyoka kwa moja. Kule Nyarugusu hawakuziita joistiki, waliziita gia, na mchezaji alisema "nishike gia ya kushoto" au "ya kulia."

Ile ya kulia ilipata bodi yenye mende. Kwa ya kushoto sikuwa na nyingine, nikachukua ya tone jeusi kutoka kwenye ndoo. Ilikuwa na swichi ya mfululizo, nikaing'oa kwa sababu sanduku langu halikuwa na nafasi yake. Pale ilipokaa pakabaki vitundu vitatu. Na katikati ya vitundu viwili risasi yangu ikaacha tone dogo, dogo kama punje ya mtama, likiunganisha kilichotakiwa kuwa mbali. Yaani mfululizo ukafungwa umewashwa, moja kwa moja.

Ningeliona kama ningewasha. Lakini mchana ule umeme ulikatika mjini, lori la Mama Shija lilikuwa linapiga honi, na mimi nilikuwa na kiburi cha fundi aliyesifiwa. Nilijiambia bodi hizi nazijua kwa macho. Mzee Hasmukh alikuwa hatua chache kutoka kwangu, ana betri ya gari dukani ambayo kila fundi aliiazima. Sikwenda. Nikafunga skrubu, nikampa Mama Shija, nikampungia mkono.

Sasa sikieni walivyoitumia. Kulikuwa na shimo moja, kule wanaita duara, ambalo makundi mawili ya wachimbaji yalilichimba kwa kupokezana. Kushuka wa kwanza asubuhi ilikuwa balaa: unakuta hewa mbovu, na mawe yaliyolegea yanamsubiri wa kwanza kuyatikisa. Zamani waliamua nani atangulie kwa kurusha kizibo cha soda. Gemu ilipokuja wakaacha kizibo. Kila jioni kundi moja lilitoa mtu na kundi lingine likatoa mtu, wakacheza vifaru viwili vinavyowindana, na kundi lililoshindwa ndilo lililotangulia kushuka kesho yake.

Kundi la pili walilala karibu na banda. Walifika mapema, wakakaa kushoto, ikawa mazoea yao. Gia ya kushoto ilifyatua kama mvua ya mawe. Kundi la kwanza, ambalo kiongozi wake alikuwa mchimbaji anaitwa Masele, likashindwa jioni ya kwanza, ya pili, ya tatu, likaendelea kushindwa. Asubuhi zote hizo wakatangulia wao. Na asubuhi moja mdogo wake Masele, Luhende, alishuka wa kwanza, jiwe likachomoka ukutani likamsaga mguu. Walimtoa akiwa hai. Mguu haukurudi kuwa mguu.

Siku mbili kabla ya hapo Luhende alikuwa ameigonga televisheni ya Mama Shija kwa kiwiko, na Mama Shija akamwambia, "Utaona wewe!" Nani hapa hajaambiwa na mama yake utaona? Mimi niliambiwa kila siku mpaka nikaoa. Lakini watu wakachukua neno hilo, wakachukua macho yake, wakachukua gia ya kushoto isiyoshindwa, wakavifunga pamoja. Wakasema ameiwekea gia dawa. Anawauza watu wa Masele kwa shimo.

Habari niliipata kwa dereva wa lori lilelile. Alisimama mlangoni kwangu bila hata kuzima gari.

"Baba Kabula, ile gia yako ina nini? Ukibonyeza mara moja inatapika. Wanasema yule mama ni mchawi. Jumamosi wanamketisha mbele ya watu, na wengine wameshasema hawasubiri Jumamosi."

Inatapika. Sikuhitaji kufungua chochote. Nililiona lile tone la risasi kana kwamba lilikuwa kwenye kiganja changu. Nikachukua bisibisi, mita, wembe, kile chuma cha kuyeyushia risasi kinachopashwa kwenye mkaa, nikapanda lori. Njia ya Kahama wakati ule ilikuwa mashimo yaliyounganishwa na vumbi. Njia nzima nilikuwa natukana, dereva akidhani namtukana yeye.

Nilimkuta Mama Shija nyumbani kwake asubuhi ya Jumamosi, amekaa chini, mgongo ukutani. Bati zilikuwa zimepondwa kwa mawe. Banda lilikuwa limefungwa kwa minyororo ya watu wengine.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kuzika?"

Nikapiga magoti. Nikamwambia yote. Kwamba hakuna dawa, ni risasi yangu, punje ya mtama, sikuwasha kabla ya kumpa.

"Kwa hiyo ni wewe," akasema.

"Ni mimi, mama."

"Na utawaambia hivyo hivyo, kama ulivyoniambia mimi?"

"Nitawaambia, mama. Haki ya Mungu."

Wakamleta uwanjani karibu na mashine za kusaga mawe, jua likiwa utosini. Sungusungu, walinzi wa kijiji, walisimama pembeni na pinde zao, na nasema ukweli, bila wao umati ungekwisha kumfikia. Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Ng'wandu, alikaa kwenye kiti. Mama Shija aliketishwa chini kwenye kanga. Masele alisimama katikati, kijana mrefu, amevaa saa mpya ya namba, ya plastiki, imefungwa juu kabisa ya mkono ili ionekane. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kilio cha mguu wa mdogo wake. Hilo nalikumbuka, maana nilitaka kumchukia sawasawa na ilinishinda.

Mzee Ng'wandu akaagiza gia zote mbili zitolewe bandani, akaniruhusu kusema. Nikasema mimi ndiye fundi, hakuna dawa humu, tazameni wenyewe. Nikaweka gia ya kushoto mezani, nikafungua skrubu, nikageuza kifuniko, nikainua bodi juu ili wote waone.

Mjinga mimi. Nilisahau kilichokuwa juu ya ile bodi.

Waliliona tone jeusi. Limevimba, linang'aa, kama kile kitu cheusi ambacho mganga anakisaga na kukipaka kwenye chale.

"Hiyo hapo!" mtu akapiga kelele. "Dawa hiyo hapo!"

"Nogi! Nogi!" wakaanza, wakimtaja mchawi kwa Kisukuma, na mawe yakaanza kuokotwa.

Nikapaza sauti: hapana, hicho ni kifuniko tu, ubongo wa mashine uko ndani yake. Ubongo! Mnaweza kufikiria neno baya kuliko hilo la kuwaambia watu wale siku ile? Masele akanisogelea. "Ubongo wa nani?" akauliza.

Basi nikafanya ujinga wa pili. Nikafungua gia ya kulia, ili waone zote ni bodi. Na ya kulia, mnakumbuka, ilikuwa na mende mwenye miguu, haina tone. Kwa hiyo gia inayoshindwa haina dawa, na gia inayoshinda ina dawa, na fundi mwenyewe ndiye aliyetuonyesha. Jiwe la kwanza likapita karibu na kichwa cha Mama Shija. Hakujikinga hata kwa mkono. Alikuwa ananitazama mimi.

Ninyi mnaosoma haya kwenye viti vyenu, msijisifu kwamba ninyi mngekuwa na akili kuliko wao. Mnabeba simu hamjui ndani yake kuna nini. Mnaamini kila kitu mnachotumiwa kabla ya chai. Wale angalau walidai kifunguliwe.

Kilichotuokoa ni jua. Lilipiga kioo cha saa ya Masele, mwanga ukanichoma jicho. Nikasema kwa nguvu zangu zote:

"Masele, nipe saa yako."

"Ya nini?"

"Mwenyekiti, naomba saa ya Masele. Nikiiharibu nitamlipa mpya."

Masele akakataa. Mzee Ng'wandu akanyoosha fimbo yake kidogo tu. "Mpe," akasema. "Kama huna la kuficha, mpe."

Nikaingiza wembe mgongoni mwa saa, kifuniko kikaruka. Nikatoa betri, nikainua kile kibodi kidogo kuliko ukucha wa gumba. Juu yake, katikati, limevimba, linang'aa: tone jeusi.

Nikamkabidhi Mzee Ng'wandu, nikaweka na bodi ya gia pembeni yake. Alizitazama kwa muda mrefu. Akampa mzee wa pembeni. Zikapita mkono kwa mkono.

"Masele," mwenyekiti akasema taratibu, "hii dawa nani kakufunga mkononi?"

Kisha nikaona mtu mmoja nyuma anavua saa yake, anaishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. Na mwingine. Mnunuzi mmoja wa dhahabu alikuwa na kikokotoo mfukoni, akakitoa akakiweka chini na kurudi nyuma hatua mbili. Mtu akacheka. Hicho kicheko ndicho kilichoangusha mawe. Na mimi, badala ya kufurahi, nilitamani kuwachapa viboko wote, kwa sababu uhai wa mama wa watu ulikuwa umening'inia kwenye saa ya bei rahisi, na kama Masele angeiacha nyumbani asubuhi ile tungezika.

Jenereta ikawashwa, televisheni ikatolewa nje. Nikawaonyesha gia ya kushoto inavyotapika. Nikapasha chuma kwenye mkaa, nikaondoa ile punje ya risasi mbele ya macho yao, nikawasha tena. Bonyeza moja, risasi moja. Masele akakaa kushoto akajaribu mwenyewe. Akabonyeza, akabonyeza, kisha akaweka paji la uso juu ya kichwa cha gia akabaki hivyo.

Mzee Ng'wandu akanigeukia. "Tumeona, fundi. Sasa tuambie. Hiyo risasi iliyozidi, nani aliiweka?"

Umati wote ulikuwa unanitazama. Masele aliinua kichwa. Mdogo wake alikuwa hospitali. Mawe bado yalikuwa chini, karibu na miguu yao, hayakuwa mbali.

"Kiwanda, mzee," nikasema. "Vitu hivi vya bei rahisi hutoka kiwandani na makosa."

Wakaitikia kwa vichwa. Viwanda, bwana. Wakalaani kiwanda, wakalaani wafanyabiashara, Masele akalaani kuliko wote. Nami nikaitikia nao. Mama Shija aliinuka, akakung'uta kanga yake.

Luhende mnamfahamu. Ni yule mzee anayechechemea mwenye kibanda cha vocha karibu na stendi, alihamia huku akamfuata mke wake. Nimenunua vocha kwake miaka yote hii, zaidi ya ninazohitaji. Yeye naye bado analaani kiwanda. Hasira yangu yote mnayoiona, ya bei, ya macho mekundu, ya vijana wasio na mita, ina mzizi wake pale kibandani.

Mama Shija alifunga banda. Hakutaka kuishi na watu walioshika mawe, na nani angetaka? Alikwenda kuishi kwa kaka yake, kule Mhunze, akafia huko. Siku nilipokuwa naondoka Nyarugusu alinisindikiza mpaka kwenye lori, amebeba ile gia ya kushoto kifuani kama mtoto. Akanipa. Nilidhani atasema wabeja, kama tunavyoshukuru kwetu.

"Fundi," akasema, "hicho kiwanda ulichokitaja, kiko Kambarage mtaa gani?"

Dereva akawasha gari. Nikapanda juu ya mizigo, tukaondoka.

Mama Shija, kiko nyuma ya soko, mlango wa bluu. Fundi wake ni mimi. Na ninyi vijana watatu, njooni kesho na mita, lakini kwanza tutapita stendi, kwa Luhende.